Kuonja chokoleti ya maziwa ukiwa Chemba

Ndugu akirudi kutoka Marekani na chokoleti ya maziwa ya Hershey, wapo watakaoonja kipande kimoja na kuamua kwamba imeharibika. Usiitupe. Ule uchachu unaopanda puani imetoka nao kiwandani. Wataalamu wengi wanaeleza kuwa mafuta ya maziwa yake huvunjika kidogo wakati wa utengenezaji na kutoa asidi ya butiriki, ile ile inayosikika kwenye samli iliyokaa sana. Wamarekani wameizoea chokoleti hiyo tangu 1900, na wengi wao wakiikosa ladha hiyo huona kuna kitu kimepungua.

Sisi huku tuna faida kubwa, maana ndimi zetu zimelelewa na maziwa. Aliyekulia Kwamtoro au Farkwa hahitaji kufundishwa tofauti ya maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe. Basi tumia ujuzi huo. Weka mezani vitu vitatu: maziwa yaliyochemshwa, maziwa mgando, na maziwa uliyoyapika na sukari kwa moto mdogo mpaka yakawa mazito na kugeuka kahawia. Hivyo ndivyo vipimo vyako.

Chokoleti ya Uswisi, nchi ambako Daniel Peter alianza kuchanganya kakao na maziwa mwaka 1875, kwa kawaida hutumia unga wa maziwa. Utaikuta karibu na maziwa yaliyochemshwa. Uingereza wana njia yao. Kwenye Cadbury Dairy Milk, iliyoanza kuuzwa 1905, maziwa hupikwa pamoja na sukari na kakao mpaka yakauke, ndipo yasagwe. Hapo utaisikia ile sufuria ya kahawia. Ya Hershey itasimama upande wa mgando. Jina moja pia laweza kutengenezwa katika nchi kadhaa na ladha zikatofautiana, kwa hiyo geuza karatasi usome ilikotengenezwa.

Onjeni asubuhi. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi na huanza kulegea mapema zaidi, na mchana wa Oktoba kabla ya mvua unaweza kukuachia uji mkononi. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu. Chai ya tangawizi ingoje. Vunja kipande, kinuse, kiweke juu ya ulimi bila kutafuna. Siagi ya kakao huyeyuka yote na kuuacha mdomo safi, lakini mafuta mengine ya mimea mara nyingi huacha utando kwenye kaakaa. Huo utando ndio ninaoutafuta kwanza, kuliko hata utamu.

Kisha soma viambato. Kinachotangulia ndicho kingi zaidi, na mara nyingi ni sukari. Umoja wa Ulaya unataka chokoleti ya maziwa iwe na kakao isiyopungua asilimia 25, na unaruhusu mafuta mengine ya mimea yasiyozidi asilimia 5. Marekani kiwango cha chini cha kakao ni asilimia 10. Ukikuta mafuta ya mawese yametajwa kabla ya kakao, usiilinganishe na nyingine. Hiyo ni peremende yenye rangi ya chokoleti. Na ukitaka kuijua kakao yenyewe bila maziwa kuifunika, tafuta chokoleti nyeusi iliyotokana na kakao ya Kyela au Kilombero.

Chokoleti hunyonya harufu upesi. Iliyokaa rafu moja na sabuni za kufulia itakudanganya hata ukiionja kwa uangalifu namna gani. Nyumbani ifunge kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, uliweke sakafuni penye ubaridi, mbali na vitunguu na mafuta ya taa. Ikiwa na utando mweupe uliopauka, ujue mafuta au sukari imepanda juu kwa sababu ya joto au unyevu. Inalika, ila haifai tena kwa kulinganisha: ikwangue kwenye maziwa ya moto, uwape watoto.