SOMO KWA WENYE MAGARI: KULIHIFADHI GARI NA BETRI YAKE WAKATI WA KUTOTUMIKA

Kila ifikapo masika, kati ya Machi na Mei, hoteli nyingi za ukanda wa mashariki wa Unguja hupunguza shughuli zake, na magari ya kuchukulia wageni hubaki yameegeshwa mpaka msimu urejee. Yapo pia magari ya watu waliosafiri kwenda Bara, Oman na kwengineko kwa masomo, matibabu au kazi, na yapo ya taasisi za Serikali yanayosubiri vipuri. Mwaka 2020, safari za ndege za kimataifa ziliposita kwa sababu ya maradhi ya korona, magari mengi ya utalii yalisimama kwa wakati mmoja.

Aghalabu mwenye gari hudhani kuwa gari lililosimama limepumzika. Dhana hiyo si sahihi. Gari lisilotembea huharibika kwa njia nyengine, na kinachotangulia kuharibika ni betri. Somo hili linaeleza sababu zake pamoja na hatua za kuchukua, ambazo gharama yake ni ndogo kuliko bei ya betri mpya.

Namna betri inavyokufa

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa takriban volti 2.1. Kwa hivyo betri iliyojaa, ikipimwa baada ya kupumzika saa kadhaa, huonesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionesha 12.2 imebakiwa na kiasi cha nusu, na ikionesha 12.0 imebakiwa na kiasi cha robo.

Umeme huo hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndani ya betri yenyewe. Hata ikiwa haikuunganishwa na chochote, hujipungua kidogo kidogo, na joto la visiwa vyetu huongeza kasi ya upotevu huo. Ya pili ni gari. Saa, king'ora cha kuzuia wizi na kompyuta ya injini huendelea kutumia umeme ilhali ufunguo umekwisha kutolewa.

Na tuchukue mfano wa gari linalotumia ampea 0.03 tu likiwa limezimwa. Kwa saa 24 litatumia ampea-saa 0.72, na kwa siku 30 litatumia ampea-saa 21.6. Betri ndogo ya ampea-saa 45 itakuwa imepoteza karibu nusu ya akiba yake kwa mwezi mmoja, na kabla ya mwezi wa pili kumalizika gari halitowaka.

Hasara haiishii hapo. Betri inapopungua, juu ya mabamba yake hufanyika salfeti ya risasi. Betri ikichajiwa mapema, salfeti hiyo huondoka. Ikiachwa tupu kwa wiki nyingi, hugeuka kuwa chembe ngumu zinazoyaziba mabamba, na hapo hakuna chaji itakayoirejesha betri kama ilivyokuwa. Betri iliyonunuliwa mwaka jana yaweza kufa katika masika moja tu.

Kabla ya kuliegesha gari

Gari likitarajiwa kusimama zaidi ya wiki mbili au tatu, yafanywe haya:

1. Betri ichajiwe mpaka ijae.

2. Kitabu cha gari kisomwe kwanza, kwani baadhi ya magari mapya yana masharti yake, na ihakikishwe kuwa mlango waweza kufunguliwa kwa ufunguo wa mkono. Kisha ufunguliwe waya wa hasi kwanza, na wa chanya baadaye. Wakati wa kurejesha, wa chanya hutangulia na wa hasi huwa wa mwisho. Bodi ya gari imeunganishwa na hasi. Spana iliyoshika chanya ikigusa bodi kabla hasi haijafunguliwa, hutokea cheche kubwa yenye kuweza kuunguza.

3. Vichwa vya betri visafishwe kwa magadi yaliyokorogwa katika maji, kwa uangalifu ili mchanganyiko huo usiingie ndani ya vyumba. Visuuzwe, vikaushwe na kupakwa grisi.

4. Kwa betri yenye vifuniko, maji yaangaliwe. Mabamba yakiwa wazi, yaongezwe maji yaliyokenekwa, si tindikali na wala si maji ya kisima. Sehemu kubwa ya Unguja ni ardhi ya mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa; ya karibu na pwani huingiwa na chumvi pia. Vyote viwili huidhuru betri.

5. Betri iwekwe mahali pakavu, penye kivuli na hewa, pasipofikiwa na watoto. Wapo wasemao kuwa sakafu ya saruji hunyonya umeme wa betri. Maneno hayo yalikuwa na msingi zamani, maboksi ya betri yalipokuwa yakivuja; boksi la plastiki la siku hizi halidhuriwi na saruji.

6. Kila mwezi betri ipimwe, na ikishuka kufikia volti 12.4 ichajiwe.

Tahadhari wakati wa kuchaji

Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo huripuka kwa cheche ndogo. Kwa hivyo haifai kuchaji katika chumba kilichofungwa, wala karibu na sigara, jiko la mkaa au taa ya mafuta. Chaja izimwe kwanza ndipo waya zake zibanduliwe. Nguvu ya chaji inayofaa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Yaani ampea 6 kwa betri ya ampea-saa 60. Tindikali ikiruka machoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.

Kuliwasha gari kwa dakika tano kila wiki si dawa. Kuwasha huchukua umeme mwingi, na dakika tano za kunguruma haziurejeshi. Aidha, unyevu hubaki ndani ya injini na bomba la moshi. Lililo bora ni gari kuendeshwa kiasi cha nusu saa. Katu injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake huua mtu bila ya yeye kuhisi.

Sehemu nyengine za gari

Gari lioshwe juu na chini kwa maji baridi, kuondoa chumvi na mchanga wa pwani, kisha likaushwe. Lisifunikwe kwa plastiki, kwani hukusanya unyevu; kitambaa kinachopitisha hewa ndicho kifaacho. Mafuta ya injini yaliyochakaa yabadilishwe kabla, si baada. Tairi zijazwe upepo vyema, na kila wiki chache gari lisogezwe ili zisilalie upande mmoja. Breki ya mkono isifungwe, kwani hushikana kwa kutu. Badala yake gari litiwe gia na magurudumu yazuiwe kwa vipande vya mbao. Kabla ya kuwasha tena, boneti ifunguliwe kutazama iwapo panya hawakutafuna waya.

Betri iliyokwisha

Betri iliyokufa haitupwi jaani wala haipasuliwi nyumbani. Risasi iliyomo ni sumu, na hudhuru zaidi akili na ukuaji wa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakaazi, watoto wakiwemo, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kila betri inayotunzwa ikaishi umri wake ni kupungua kwa sumu hiyo mitaani.

Wakuu wa taasisi na madereva wanakumbushwa kuwa gari la umma ni amana hata likiwa limesimama. Gari la wagonjwa lililongojea kipuri miezi mitatu halitomfaa mgonjwa siku kipuri kitakapofika, iwapo betri yake imekwisha kufa. Inafaa kila taasisi imteue mtu wa kupima betri za magari yaliyosimama kila mwezi, na aandike tarehe na volti katika daftari la gari.