Pamba ya Bariadi mbele ya waamuzi wa tuzo

Msomaji mmoja wa Bariadi mjini, aliyetetea tasnifu yake ya uzamivu hivi karibuni, ameiandikia safu hii akitaka kujua kama inafaa awanie tuzo ya tasnifu bora katika usimamizi wa teknolojia na ubunifu, yaani fani inayochunguza jinsi jambo jipya linavyobuniwa, linavyofika mikononi mwa watumiaji na linavyopokewa au kukataliwa. Tasnifu yenyewe inahusu wakulima wa pamba na nafasi za kupandia. Mwenzake kazini amemwambia kwamba tuzo za namna hiyo ni za watu wa maabara na kompyuta. Mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyemsomesha, anaona kuwa mtu anayejiombea tuzo anajikweza, kwa kuwa sifa hutoka kwa wengine. Naye mwenyewe anaeleza kwamba hajui kurasa 280 zitaingiaje katika muhtasari mfupi unaotakiwa na waamuzi.

Hoja ya mwenzake haina mashiko, na historia ya fani yenyewe inaikanusha. Utafiti unaotajwa katika karibu kila kitabu cha somo hili ni ule wa Bryce Ryan na Neal Gross uliochapishwa mwaka 1943, ambao ulichunguza jinsi wakulima wa jimbo la Iowa nchini Marekani walivyoipokea mbegu ya mahindi chotara, na ni katika jimbo hilohilo Everett Rogers, mtoto wa mkulima, alipoandika tasnifu yake ya mwaka 1957 kuhusu kuenea kwa mbinu mpya za kilimo, kabla ya kutoa mwaka 1962 kitabu chake maarufu kuhusu kuenea kwa ubunifu. Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Calestous Juma, aliyekulia Budalang'i karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Sussex kuhusu mabadiliko ya teknolojia katika nchi zinazoendelea, akafundisha Harvard, na mwaka mmoja kabla ya kifo chake mwaka 2017 alitoa kitabu kinachoeleza kwa nini jamii hupinga teknolojia mpya. Kwa hiyo anayetoka shambani na swali la pamba anaingia kwa mlango uliojengwa na waasisi, wala hahitaji kuipaka tasnifu yake rangi ya kidijitali ili apendwe.

Kuhusu mama mdogo, inatosha kumweleza kwa heshima kwamba tuzo hizi hazina mjumbe anayezunguka vyuoni kutafuta vipaji. Mhitimu hutuma kazi yake, na mara nyingi barua ya msimamizi wa tasnifu huandamana nayo, kwa hiyo sifa anayoitaka mama huyo itolewe na mtu mwingine ipo ndani ya bahasha.

Suala gumu ni la kurasa, na hapa barua ya msomaji inaonyesha kasoro ambayo waamuzi wangeiona mapema. Katika maelezo yake ya tasnifu anaanza na historia ya Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, akaorodhesha Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, akaeleza mvua, udongo na nafasi ya mkoa huo kama kinara wa uzalishaji wa pamba nchini, na ndipo, karibu na mwisho wa barua, anapotaja kwa sentensi mbili tu kile alichokigundua. Ugunduzi huo ndio unaostahili ukurasa wa kwanza. Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiwashauri wakulima kuacha nafasi ya sentimita 90 kwa 40 na kupanda kwa sentimita 60 kwa 30, hesabu inayoongeza idadi ya mashimo maradufu hadi takriban 22,222 kwa ekari. Wapo wakulima waliokubali na wapo waliokataa, na maelezo yaliyozoeleka maofisini ni kwamba waliokataa hawana elimu au ni wakaidi. Msomaji anasema alikuta jambo jingine: miongoni mwa aliowahoji, waliosita zaidi walikuwa wale wenye maksai, kwa sababu jembe lao la kupalilia na nira inayowaongoza ng'ombe wapite kila mmoja katika upenyo wake vilitengenezwa kwa mistari mipana, na vikiingizwa katika mistari ya sentimita 60 vinang'oa pamba pamoja na magugu. Anaongeza kwamba baadhi yao walimpelekea fundi wa kuchomelea vyuma majembe hayo ayakate mikono na kuyabana, wakachonga nira fupi zaidi, na msimu uliofuata wakapanda kwa nafasi mpya.

Hapo pana hoja inayovuka mipaka ya Simiyu: teknolojia mpya inaweza kukataliwa na mtu mwenye vifaa vizuri zaidi kuliko jirani yake, kwa kuwa vifaa hivyo vinamfunga kwenye utaratibu wa zamani, na kikwazo hicho kinaweza kuondolewa na mtumiaji mwenyewe kabla ya taasisi yoyote kukitambua. Sehemu ya pili ya hoja hiyo inaungana na kazi za Eric von Hippel, aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba ubunifu mwingi huanzia kwa watumiaji, wala si viwandani. Sehemu ya kwanza inaonekana kuwa na uzito zaidi, na ndiyo ambayo msomaji angepaswa kuitetea kwa takwimu zake zote. Sura yake kuhusu programu ya simu ya kuwapa wakulima bei za pamba, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe ilijaribiwa kwa muda mfupi, ingebaki katika tasnifu na isiingie kabisa katika muhtasari. Mwamuzi anayesoma kazi nyingi kwa wiki chache hukumbuka hoja moja, na sura dhaifu humpa sababu ya kuweka kazi pembeni. Bariadi yenyewe itajwe kwa sentensi zinazohitajika ili kikwazo kieleweke: kwamba maksai ni nguvu kazi ya kawaida huko, na kwamba palizi ikichelewa mavuno hupungua.

Miongoni mwa tuzo zinazojulikana zaidi ni ile ya idara ya usimamizi wa teknolojia na ubunifu katika Academy of Management, chama cha wanazuoni wa uongozi na biashara kilichoanzishwa Marekani mwaka 1936, ambacho mkutano wake wa mwaka kwa desturi hufanyika Agosti, mara nyingi katika miji ya Amerika Kaskazini. Masharti husomwa katika tangazo la mwaka husika, hasa tarehe ambayo tasnifu inapaswa kuwa imetetewa, idadi ya kurasa, na kama jina la mwombaji na la chuo yaondolewe ili waamuzi wasijue kazi ni ya nani. Sharti hilo la mwisho likiwapo, shukrani kwa msimamizi na jina la faili navyo visafishwe. Anayeitwa fainali hutarajiwa kuwasilisha kazi yake mkutanoni, jambo linalodai viza na nauli, kwa hiyo chuo kiulizwe kuhusu ufadhili kabla ya maombi kutumwa. Barua pepe zinazompongeza mtu kwa tuzo ambayo hakuiomba, kisha zikamtaka alipie cheti, zifutwe bila kujibiwa. Ada ya uanachama au ya kuhudhuria mkutano ni kitu kingine na hutangazwa wazi.

Limebaki jambo ambalo msomaji hakuliuliza. Jembe lililobanwa lina wenyewe, akiwemo yule fundi. Tuzo ya tasnifu humpa heshima aliyeeleza ubunifu, ilhali Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yanayofahamika kama MAKISATU na yaliyoanza mwaka 2019, huwashindanisha wabunifu wenyewe, wakiwemo wa mfumo usio rasmi ambao hawakupita chuoni. Aidha, kifaa kinachoelezwa hadharani kwa michoro na vipimo kinaweza kupoteza sifa ya upya, ambayo ni sharti la kupata hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi dhidi ya kuigwa. Kwa sababu hiyo, kabla michoro ya jembe hilo iliyo katika tasnifu haijasambazwa zaidi, inafaa msomaji arudi kwa fundi huyo, amweleze kinachotaka kufanyika, amuulize kama anataka jina lake litajwe, na wafuatilie pamoja taratibu za COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na za BRELA, ambayo ndiyo hushughulikia hataza Tanzania Bara. Ikiwa michoro hiyo tayari iko wazi katika maktaba ya chuo, swali la kwanza kwa BRELA liwe ni muda gani umebaki wa kuomba hataza, kama upo.