Ukitoa Kiti cha Nyuma, Umetoa na Ukuta

Mdogo wangu wa Kiwira, swali lako nimelipata. Una Beetle ya marehemu babu, injini bado inaitika, na sasa unataka kutoa kiti cha nyuma upakie ndizi uzipeleke Uyole, maana nauli ya mizigo inakula faida yote. Sikukatazi. Gari likikaa tu bandani kwa mvua zetu za Rungwe, zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, kutu italimaliza bila kukuingizia hata shilingi. Ila kaa kwanza tuongee.

Kitako cha kiti cha nyuma cha Beetle hakina boliti, unakinyanyua tu kinatoka. Ndiyo maana kila mtu anajiona fundi. Ukishakinyanyua chungulia pembeni: betri hiyo hapo sakafuni, vichwa wazi. Hata kiti kikiwepo, springi zake zikigusa betri zinaweza kuwasha moto. Sasa wewe umekitoa, umetandika majani makavu ya mgomba ili ndizi zisichubuke, halafu spana ya magurudumu inaviringika huko nyuma gari likikata kona. Chuma kimoja kikigusa vichwa vyote viwili, cheche zinarukia majani. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote chomoa waya wa hasi. Ukimaliza, betri ifungwe isicheze, ifunikwe kwa sanduku la mbao au plastiki ngumu, na juu ya sanduku hilo usipakie kitu.

Wenye Mini za zamani nao wasicheke. Kwao tangi la petroli limesimama ndani ya buti, upande wa kushoto, nyuma tu ya mgongo wa kiti. Ukiutoa mgongo ule, kinachobaki kati ya mzigo wako na tangi ni kidogo mno. Fundi aweke bati nene hapo, na mpira wa mafuta ukaguliwe siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye mzigo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, lenyewe linasimama lakini vilivyomo ndani vinaendelea na safari. Kwa nukta ile fupi, mkungu wa kilo 25 unaweza kusukuma mbele kwa nguvu ya kama nusu tani. Rumbesa la viazi la Isongole, piga hesabu mwenyewe. Mgongo wa kiti cha nyuma ulikuwa unapokea sehemu ya kishindo hicho. Sasa wa kukipokea ni shingo yako na ya huyo uliyemkalisha kushoto. Weka wavu wa chuma nyuma ya viti vya mbele, ufungwe kwa boliti zenye washa pana, na ufungwe kwenye chuma kizima. Bodi za magari haya zinaoza kwa chini huku rangi ya juu inang'aa, kwa hiyo mwambie fundi agonge agonge kabla ya kutoboa. Mzigo ufungwe kwa kamba, na usipande kupita migongo ya viti vya mbele.

Halafu kumbuka injini ya Beetle iko nyuma. Ukirundika mikungu kisogoni, mbele panakuwa pepesi, usukani unaelea, na taa zinamulika juu zikiwapofusha wenzako kwenye ukungu. Kilicho kizito kikae karibu na viti vya mbele. Siku ukiamua kushusha Kyela badala ya kupanda Uyole, ujue unateremka karibu mita 1,000, na breki zako ni za dramu. Shika gia ndogo tangu juu, usingoje mpaka unuse breki zinaungua. Najua utanijibu kwamba Beetle ilishinda East African Safari mwaka 1962. Ilishinda, ndiyo, lakini haikubeba ndizi.

Baridi ya Tukuyu nayo ina lake. Tunafunga vioo, tunafungulia hita, na hita ya Beetle inaleta hewa iliyopashwa moto kandokando ya mabomba ya ekzosi. Bomba likitoboka, hewa yenye sumu inaingia ndani. Matundu ya boliti za mkanda au za mgongo wa kiti ulizofungua nayo ni mlango wa moshi na wa maji ya barabarani. Yazibe yote kwa vizibo vya mpira. Ukisikia kichwa kinauma au usingizi usio wa kawaida, fungua vioo, simama, shuka.

Na watu? Hapana. Si mtoto juu ya blanketi, si kijana wa kupakua aliyekaa juu ya magunia. Najua jioni ukirudi gari tupu utamkuta mama mtu mzima barabarani, mvua inamnyeshea, na kumkatalia mkubwa ni kazi. Mwambie, "Shikamoo mama, siti hamna, nipe kikapu nikutangulizie, wewe panda Noah." Akinuna, anune.

Kadi ya gari imeandikwa idadi ya watu, basi ukibadilisha gari pitia TRA wakuelekeze. Wakala wa bima mwarifu kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza, kwa sababu bima ya gari la nyumbani na ya gari la biashara hazifanani. Ukianza kubeba mizigo ya wengine kwa malipo, ulizia leseni LATRA.

Kile kiti chenyewe kihifadhi pakavu, juu ya mbao, maana unyevu wetu utakiotesha ukungu na panya watamalizia. Boliti ziweke kwenye kopo lenye mafuta kidogo. Na atakayekuja kukitaka akifanye kochi la sebuleni, hata akipandisha bei, mwambie hakiuzwi.