Dondoo muhimu: Kubaki Uingereza au kurudi nyumbani?

• Rudi kwa majaribio. Kaa miezi mitatu, si msimu wa Krismasi. Panga nyumba, panda matatu au daladala, nunua umeme kwa tokeni. Likizo haikuonyeshi maisha.

• Kagua karatasi. Ukaazi wa kudumu kwa kawaida hufutika ukiwa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Tanzania hairuhusu kwa watu wazima.

• Hesabu pensheni. Pensheni ya serikali ya Uingereza kwa kawaida huhitaji angalau miaka 10 ya michango. Ukibakiza mwaka mmoja, vumilia.

• Kiwanja. Hakiki hati ofisi ya ardhi kabla ya kutuma hela, hata kwa ndugu.

• Watoto. Amueni kabla hawajaingia sekondari.