Nani anaacha, nani anaachwa? Somo la vitenzi vya ndoa

Mwaka 1973 televisheni ya Sweden ilionyesha mchezo wa Ingmar Bergman wenye sehemu sita, Scener ur ett äktenskap, yaani "Matukio ya ndoa moja". Marianne ni mwanasheria wa kesi za talaka. Siku moja mumewe, Johan, anamwambia kwamba anaondoka na mwanamke mwingine. Mwaka 2021 Hagai Levi aliutengeneza upya nchini Marekani, kwa sehemu tano. Nyumba imekuwa ya Mira na Jonathan, na safari hii anayeondoka ni mke.

Kwa mwanafunzi wa lugha, geuzo hilo ni zoezi zuri la unyambulishaji. Tujaribu kusimulia michezo yote miwili kwa Kiswahili.

Mchezo wa kwanza hautusumbui: Johan alimwacha Marianne, Marianne aliachwa, Marianne ameachika. Kiambishi -w- kinamfanya mke mtendwa. Kiambishi -ik- kinaonyesha hali tu, mtendaji asitajwe. Sentensi hizi zinafuata njia iliyokwisha kufunguliwa na kitenzi cha harusi: mume huoa, mke huolewa.

Mchezo wa pili unaleta shida. "Mira alimwacha Jonathan" ni sentensi sahihi kisarufi. Lakini sema "Jonathan ameachika", uone kama wasikilizaji hawatacheka. Mke akiondoka, wengi husema "amemkimbia bwana yake", au, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, "amerudia kwabo". Angalia tofauti. Anayeacha ameamua. Anayekimbia ana kosa, au ana hofu. Anayerudia kwabo hajamaliza lolote, kwa sababu jamaa bado watakaa na kuzungumza. Basi mfasiri akichagua kitenzi amekwisha kutoa hukumu, kabla mtazamaji hajasikia maneno ya mke.

Mtu anaweza kupendekeza -an-: "waliachana". Ni neno la amani, lakini linaficha jambo ambalo Levi alitaka tulione: nani alitangulia kufungua mlango.

Kuna kiambishi kingine kinachosahaulika, nacho ni cha kusababisha. Baba humwoza binti yake. Kwa kitenzi oza, mtu wa tatu anaingia katika ndoa tangu siku ya kwanza. Bergman aliweza kuwafungia watu wawili chumbani muda mrefu. Mchezo huo ukitengenezwa upya Annexe au Kenya, chumba kitajaa: shangazi, wajomba, wakubwa waliopokea mali. Sheria yenyewe inawatambua. Kanuni ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987, inadai mwanamume na jamaa yake wakubaliane na wazazi wa binti juu ya mali. Talaka nayo hutolewa na hakimu, baada ya kujaribu kuwapatanisha wawili hao.

Kanuni hiyo ilimtaka pia mke apate ruhusa ya mume ili afanye tendo la kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Katika sheria, mke amekuwa mtendaji. Katika mazungumzo yetu, bado mara nyingi tunampa -w-.

Je, nani atapata maneno mapya? Hapa Lubumbashi tuna mfano wa karibu: kikundi cha Mufwankolo, kilichojulikana kwa michezo ya Kiswahili redioni na katika televisheni. Johannes Fabian, aliyefanya kazi nacho mwaka 1986, alionyesha jinsi mchezo ulivyojengwa bila maandishi kamili: wachezaji walikubaliana juu ya matukio, kisha maneno yakazaliwa katika mazoezi. Kila zoezi lilikuwa kutengeneza upya. Njia hiyo inafaa hapa, maana kamusi haitatuambia Mira aseme nini mbele ya baba mkwe. Mchezaji atalazimika kulitafuta neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe.

Zoezi. Andika mazungumzo ya mistari kumi: mke anamweleza mama yake kwamba ndoa imekwisha. Usitumie kukimbia wala kurudia kwabo. Kisha badilisha: mume aseme maneno yale yale kwa mama yake. Pigia mstari kila kitenzi ulicholazimika kugeuza, na ueleze kilichokulazimisha: sarufi, au desturi?