Mbega na Funza: Yupi wa Kulindwa, Yupi wa Kuangamizwa?

MAFUNZO KWA UMMA

Baadhi ya wakazi wa Kwale wakimwona mbega karibu na shamba hurusha jiwe. Mtoto akiingiwa na funza, familia hiyo hiyo huenda ikanyamaza kwa aibu. Wote wawili huishi jirani na binadamu, lakini ni mmoja tu anayemdhuru.

Makao na chakula
Mbega wa Angola, kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, huishi juu ya miti, yakiwemo maeneo ya Diani na misitu ya kaya. Hana kidole gumba. Chakula chake kikuu ni majani, ambayo tumbo lake lenye vyumba huyachachusha. Anayejulikana zaidi kwa kuvamia mahindi ni tumbili, si mbega.

Funza ni kiroboto wa takriban milimita 1 anayeishi kwenye mchanga na vumbi. Aliletwa Angola mwaka 1872 na meli kutoka Brazili, akaenea hadi Afrika Mashariki. Jike hujichimbia kwenye ngozi, hasa ya miguu, hunyonya damu na kuvimba kama punje ya mbaazi.

Uzazi
Mbega huzaa mtoto mmoja, mweupe kabisa, baada ya mimba ya takriban miezi 6. Akigongwa na gari, pengo lake huchukua muda mrefu kuzibika. Funza jike mmoja hutaga mamia ya mayai kwa wiki chache, nayo huanguka sakafuni na kuanza kizazi kipya.

Mkazi afanye nini?
• Kuhusu funza: vaa viatu, nawa miguu kwa sabuni kila siku, na nyunyiza maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Usichokoe funza kwa pini au sindano ya kushirikiana. Kidonda huweza kuleta pepopunda. Mweleze mhamasishaji wa afya ya jamii au fika zahanati.
• Kuhusu mbega: usimpige mawe wala kumlisha, usikate miti anayoitegemea, na punguza mwendo barabarani Diani. Akijeruhiwa, arifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kumbuka: funza si laana, na mwenye funza hastahili kuchekwa. Anayechechemea kwenda shule anahitaji matibabu.