Dondoo muhimu: Mwache mteja aseme mwenyewe

Wapo wafanyabiashara wanaosema kizuri chajiuza, basi video ya ushuhuda wa mteja ya nini? Hoja hiyo inafaa sokoni, ambako mnunuzi hubonyeza parachichi kabla ya kulipa. Anayeagiza jiko kwa WhatsApp hana cha kubonyeza. Ana neno la muuzaji tu, na hakuna muuzaji anayekandia bidhaa yake. Ndiyo maana ushuhuda wenye dosari huaminika kuliko sifa tupu. Mteja akieleza kwamba mzigo ulichelewa siku mbili, lakini mkaa wa wiki sasa unamfikisha siku kumi, usikate sehemu ya kuchelewa. Mwulize maswali, usimwandikie majibu. Sauti ya kukariri hujulikana mara moja. Simu ya kawaida inatosha, mradi upepo usiingie kwenye maikrofoni.

Utaambiwa kumwomba mteja ridhaa ya maandishi kabla ya kutumia video yake ni urasimu. Lakini mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Karatasi moja ya ridhaa ni nafuu zaidi, na ieleze pia video itaonyeshwa wapi na mteja akibadili nia itaondolewaje.